Filimbi ya Maji

Nimelima muhogo Mugeta tangu ujana wangu, jua linanichoma utosi, na sijawahi kusikia filimbi ya kuniambia sasa simama unywe maji. Ukisikia kiu unameza mate, unamaliza tuta. Kwa hiyo siku mjukuu wangu aliponieleza kwamba siku hizi mpira unasimamishwa katikati ili wachezaji wanywe maji, nilimuuliza kama hao wachezaji wana mimba.

"Ni sheria, Bibi. Hata Ulaya wanafanya. Ni kwa sababu ya joto."

"Ulaya nako kuna joto?"

Akacheka, akaendelea kufunga viatu.

Huyu mjukuu wangu ni winga. Anachezea timu ya wasichana ya Mwisenge, hapa Musoma mjini nilikohamia uzeeni, anatumia mguu wa kushoto, na hakuna beki Musoma nzima anayelala vizuri akijua kesho anakutana naye. Mbio kachukua kwangu. Kiburi nacho kachukua kwangu, ila hilo silisemi mbele yake. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, matokeo yakamkalia vibaya, na nyumbani walishaanza kumwambia aache mpira akauze dagaa. Mguu ule wa kushoto ndio cheti pekee alichobaki nacho. Sasa tulikuwa tunakwenda kucheza Butiama, na kocha alikuwa amesikia kwamba atakuja bwana anayechagua wasichana wa timu ya mkoa. Anatafuta winga mmoja tu. Mtoto tangu asikie hivyo, chakula kikawa hakipandi.

Mimi kwenye safari ile nilikuwa na cheo. Timu za huku zikisafiri hazinywi maji ya mwenyeji. Kuna kipindi tulikwenda Bunda, wakatukaribisha kwa maji mazuri ya chupa, tukafungwa mpaka tukachoka kuhesabu, na kwenye gari hakuna aliyetamka kwamba labda wenzetu wanajua mpira. Ni maji, yametiwa kitu. Tangu hapo kamati ya ufundi ya timu, na usiniulize ufundi gani, ikaamua tutabeba dumu letu. Timu yetu ina mabinti wa Kiislamu na wa kwaya ya kanisani. Wanasali pamoja, hawa wameinua mikono, wale wamefumba macho, wakishasema amina wanaingia uwanjani kwa kuruka ukuta, maana wanasema geti limetegwa. Dumu nalo, kamati ikasema, libebwe na bibi aliyekoma kuzaa, kwa sababu maji yakikaa kwake hayachezewi. Wakanichagua mimi. Kazi yenyewe ni kukaa juu ya dumu asiliguse mtu. Nilivaa kitenge changu cha ibada.

Butiama siku ile kulikuwa na baridi na manyunyu. Yule bwana wa mkoa alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya turubai, pembeni ya mheshimiwa aliyealikwa kuwa mgeni rasmi. Mpira ukaanza. Mjukuu wangu akapewa beki mmoja mwenye miguu ya kinu, na kabla hatujakaa sawa yule beki alikuwa anakimbiza kivuli.

Mama mmoja wa Butiama alikuwa amesimama karibu yangu na mwavuli.

"Huyo wa kushoto ni wa nani?"

"Wa kwangu."

"Mwambie apunguze. Yule beki ni mtoto wa dada yangu."

"Mwambie dada yako azae mwingine aje amsaidie."

Mjukuu akawa amemzunguka tena yule beki, amebaki na kipa tu, refa akapiga filimbi. Nikadhani kuna mtu kafa. Kumbe ni maji. Mvua inatunywesha wote pale, watoto vipele vya baridi vimewatoka mikononi, na refa anawaonyesha kwa kidole wakanywe maji wapoe na joto.

Nikainuka, nikamimina.

"Bibi, ya baridi," mmoja akasema, meno yanagongana.

"Kunywa. Ni sheria."

Mheshimiwa naye akaona hapo ndipo pake. Akashuka na makatoni ya chupa za maji zilizobandikwa sura yake, akamgawia kila mtoto kwa mkono wake. Wa kwetu walipokea kwa mikono miwili, wakapiga goti, wakasema asante mheshimiwa, kisha wakaziweka chini nyuma yao. Hakuna aliyefungua hata moja. Akashika kipaza sauti, akahutubia habari za maji, bomba litakalokuja na bomba lililokuwa lije, mpaka maji yenyewe yakatulowesha. Mpira ulipoanza tena, miguu ya mjukuu wangu ilikuwa imekauka kama kuni. Yule beki alikuwa ameshapumzika na kufundishwa kila kitu. Tukaenda mapumziko hakuna aliyefunga.

Kipindi cha pili ikawa zamu ya kipa wao kuumwa. Mtoto wangu akimsogelea tu, anaanguka. Machela inaletwa, anasuguliwa goti, anapona, machela inarudi. Akaguswa na upepo, akaanguka tena, na goti safari hii likawa lile lingine. Halafu refa akapiga filimbi nyingine ya maji.

Yule bwana wa mkoa alikuwa ameshajifunza kwamba maji ya Butiama ni hotuba. Akainuka, akaenda nyuma ya turubai walipokuwa wanakaanga sato. Ila mheshimiwa safari hii alikuwa ndani ya gari lake, vioo juu, anakimbia mvua. Hakuna hotuba. Refa akaanzisha mpira mara moja.

Mjukuu akapokea mpira pembeni. Akampiga beki chenga, mwingine akamvisha kanzu kwa kumpitishia mpira juu ya kichwa, akaupeleka wavuni kwa ule mguu wa kushoto. Wenzake walimrukia. Yeye hakushangilia, aliangalia kiti. Nikaangalia na mimi. Kiti kitupu. Nikaona mikono ya mtoto inashuka, na uso wake ukawa wa mtu anayesikia bei ya dagaa.

Nilijitwika dumu, nikaingia uwanjani. Nikalitua katikati kabisa, pale pa kuanzia mpira, nikakaa juu yake.

Refa akaja mbio, akanifikia, akainama. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Bibi, mpira unaendelea."

"Nauona. Watoto wana kiu."

"Si wamekunywa sasa hivi?"

"Yale walikunywa ya sheria. Haya ni ya kiu."

Akashika mfuko wa kadi, akafikiri, akauacha. Wa kuanza walikuwa Butiama, maana ndio waliofungwa, na sasa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa tayari kusogelea dumu la bibi mgeni lililotuliwa katikati ya uwanja wao. Kapteni wao akasema haanzi. Kamati yao ikaingia uwanjani, ikasimama mbali. Kamati yetu, ambayo haikujua lolote, ikatingisha vichwa kama watu wanaojua. Kwenye spika mtangazaji akaanza: "Tunamuomba mama yetu kutoka Musoma, kwa heshima zote, atuondolee hicho alichotuletea." Zikawa kelele, na kwa kelele hizo yule bwana akatokea nyuma ya turubai, kichwa cha samaki mkononi. Akakaa kwenye kiti.

Nikainuka, nikachukua dumu langu. "Haya, chezeni."

Mjukuu alinipita kama hanioni. "Umeniaibisha, Bibi," akasema, meno ameyabana. Hasira ile akaipeleka kwenye mpira. Aliwapita watatu, akapiga, kipa akaupangua kwa vidole, na hiyo ndiyo mara pekee siku ile alipoanguka kwa haki. Halikuingia goli lingine. Tukashinda kwa lile moja.

Mwisho yule bwana akamwita. Nilikuwa karibu, namsikia.

"Goli wamenisimulia, ila hii ya mwisho nimeiona mwenyewe. Jumatatu uje kambini." Kisha akanitupia jicho. "Yule bibi wa dumu ni wa kwenu? Maana kambini mambo hayo hatuyataki."

Mtoto akaniangalia, mimi na kitenge changu cha ibada kilicholowa.

"Ni wa Musoma huko huko," akasema. "Simfahamu sana."

Nikageuka upande mwingine, nikamwaga maji yaliyobaki, nikawa bibi wa mtu mwingine mpaka gari lilipotoka Butiama.