Tuneya wa Wenje na Mstari wa Wanawake Mchangani

Kiboko aliupindua mtumbwi wa Swaleh mchana kweupe, watu wakitazama. Walimtoa majini akiwa hai, lakini nyonga haikuunga sawasawa, na tangu siku hiyo hakuweza tena kusimama mkiani mwa mtumbwi na kusukuma upondo. Wazee wa kijiji chao, Wenje, wakaanza kuulizana nani sasa atawavusha watu. Walikuwa bado wanaulizana wakati Tuneya, mkewe, alipojifunga kaniki yake kiunoni, akautia mtumbwi majini, akawavusha waliokuwa wakingoja.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, karne ya kumi na tisa ikielekea kwisha. Kulikuwa na walionung'unika kwamba hiyo si kazi ya mwanamke. Swaleh aliwajibu kutoka kwenye kitanda chake cha kamba:

"Basi njooni mmoja wenu amwambie ashuke. Mimi siwezi kuinuka."

Hakuna aliyekwenda. Tuneya alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye mabega mapana na jicho la kuusoma mto. Alijua mahali mamba wanapoota jua, na alijua maji yanapochimba ukingo kwa chini kabla udongo haujaporomoka. Kila siku mtumbwi wake ulikuwa na watu wa namna zote. Wakulima wa Kipokomo walikwenda mashambani ng'ambo, na wanawake wa Kiorma walikuja kijijini na vibuyu vya maziwa ili wabadilishane kwa mahindi na ndizi. Kwa kuwavusha hao alijifunza Kiorma, na mmoja wao, Darmi, mke wa Dadacha, akawa rafiki yake. Hivyo Tuneya alisikia mengi. Kabla wazee hawajapata habari, yeye alikuwa ameshazisikia kwa wake zao wakiwa katikati ya mto.

Miaka ikapita. Serikali ya Kizungu, iliyokuwa imekaa huko chini pwani, ikaanza kupanda mtoni. Mzee wa mji wa Wenje alipofariki, tarishi alifika na agizo: watu wakutane, na mbele ya mzungu wa serikali wamchague mmoja atakayekuwa mzee wao. Watakaotaka kazi hiyo watasimama, na kila mtu atapanga mstari nyuma ya anayemtaka.

Waliojitokeza walikuwa wawili. Wa kwanza, Mahadi, alikuwa mtu hodari, mwenye sauti na haraka ya kuamua. Wa pili, Athman, alikuwa mpole, mtu wa kusikiliza kwanza. Huenda watu wangechagua bila kelele, kama si habari ya malka. Malka ni njia ya ng'ombe kushukia mtoni kunywa maji. Ile ya zamani ilikuwa imemezwa na mafuriko ya mwaka uliotangulia, mto ukakata ukingo wote ukabaki ukuta wa udongo. Kiangazi kilikuwa kinakuja, na Waorma wangehitaji njia nyingine. Mahadi aliahidi kwamba akiwa mzee ataifungua kwenye kota ya juu, pale mto unapopinda.

Kwenye kota ile ndiko yalikokuwa mashamba ya wanawake. Udongo wake ulikuwa mweusi na laini, na maji yakipungua unapanda bila kutumia jembe. Mengi yalikuwa ya wajane, na mengine ya wake waliopewa na wazazi wao. Mahadi hakuichagua kota ile kwa chuki. Aliichagua kwa sababu karibu kila mahali pengine kulikuwa na mwanamume ambaye angesimama katika gasa, yaani baraza la wazee, na kukataa.

Tuneya alikwenda kwenye gasa. Alichuchumaa pembeni kwa adabu mpaka Abdulsalam, mkubwa wa baraza, alipomwona.

"Mama, una shida gani?"

"Nimekuja kwa ajili ya mashamba ya kota, mzee. Tunataka kusikilizwa kabla ya siku ya kuchagua."

"Neno la mwanamke linaletwa na mumewe," Abdulsalam alisema, wala si kwa ukali. "Mwambie Swaleh aje."

"Swaleh hawezi kutembea, na wewe unajua. Na mjane aletewe neno lake na nani?"

"Na kaka yake."

"Kama kaka yake ndiye Mahadi?"

Baadhi ya wazee walicheka. Abdulsalam hakucheka. Akasema shauri limekwisha. Tuneya aliinuka, akaaga, akaenda zake. Alimwambia Swaleh baadaye kwamba kuvuka mto uliofurika ilikuwa kazi nyepesi kuliko kusema mbele ya wanaume wale.

Kesho yake alianza kupita shamba kwa shamba. Hakuhutubia mtu. Alikuwa akichukua jembe la mwenzake, wanapalilia pamoja kidogo, ndipo anasema alilonalo: Siku ya kuchagua, sisi pia twende. Tusimame nyuma ya tunayemtaka kama wanavyosimama wao.

Majibu yalikuwa ya kila aina. Wengine walimwambia ana kichaa. Mjane mmoja mtu mzima alisema yeye yuko tayari tangu jana. Wengi waliogopa, na aliyeogopa kuliko wote ni Mwanaarusi, mke mdogo wa Abdulsalam mwenyewe, mwanamke wa sauti ndogo ambaye shamba alilopewa na marehemu mama yake lilikuwa katikati ya kota.

"Dada Tuneya, mimi nitasimamaje kinyume cha mume wangu? Ataniacha."

"Sikuambii usimame kinyume chake. Labda na yeye atasimama kwa Athman. Umemuuliza?"

"Hayo hatuyazungumzi nyumbani."

"Basi muulize. Na kama hukuja, sitakulaumu. Nitapalilia shamba lako vile vile."

Mwanaarusi aliinama akaendelea kung'oa magugu. Tuneya akashika mstari wa pili, wakang'oa pamoja mpaka jua likawa kali.

Siku ikafika. Mto ulikuwa umeshuka, na ng'ambo ya kijiji lilikuwa limejitokeza fungu pana la mchanga. Mzungu aliweka kiti chake hapo, mkalimani kando yake na askari nyuma. Wanaume walivuka mapema. Mahadi akasimama upande huu, Athman upande ule, mistari ikaanza.

Ndipo mtumbwi wa Tuneya ulipogusa mchanga ukiwa umejaa wanawake. Aliwashusha, akarudi, akaleta wengine. Mwanaarusi alikuwa katika kundi la mwisho. Alikuwa amejitanda nguo mpaka puani, na aliposhuka alimshika Tuneya mkono kwa nguvu hata kucha zikaacha alama. Wakatembea wote, wakapanga mstari nyuma ya mstari wa Athman.

Zikazuka kelele. Abdulsalam alisonga mbele.

"Nani amewaita hapa?"

"Tarishi alisema watu wa Wenje," Tuneya akajibu. "Na sisi ni watu wa Wenje."

"Haya mambo ya wanaume!"

"Huyo atakayechaguliwa, mzee wangu, atawaamuru wanaume peke yao? Akisema kazi ya kusafisha njia, sisi tutakaa nyumbani? Akisema ng'ombe wapite, watapita kwenye mashamba ya nani?"

Abdulsalam aliangaza macho kwenye mstari, akamwona mkewe. Sauti yake ikashuka. "Mwanaarusi. Na wewe?"

"Na mimi, baba Mwanasha," Mwanaarusi akasema. Alisema kwa sauti ya chini sana, lakini kelele zilikuwa zimekwisha, na kila mtu alisikia.

Mkalimani akamweleza mzungu. Mzungu aliwatazama wale wanawake, akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha kuchekesha, akasema maneno mafupi. Wanaume tu ndio watakaohesabiwa. Wakahesabiwa. Mahadi akashinda.

Wanawake hawakuondoka mstarini mpaka hesabu ikaisha. Kisha Tuneya aliwavusha kurudi nyumbani, na baadhi yao walilia ndani ya mtumbwi. Yeye mwenyewe alilia alipofika kwa Swaleh, akasema amewaaibisha wenzake bure.

"Abdulsalam alipita hapa sasa hivi," Swaleh akamwambia. "Alisimama mlangoni kwa muda, asiseme kitu, akaenda. Mtu asiyejali hafanyi hivyo. Lala, mke wangu. Kesho kuna watu wa kuvusha."

Kesho yake Darmi alikuja na maziwa, akamkuta rafiki yake macho mekundu. Tuneya akamweleza yote. Darmi alimsikiliza, akaketi kando ya kibuyu chake, akauliza swali moja tu.

"Hiyo malka, ng'ombe wangu watapita juu ya mahindi yako?"

"Yangu na ya wenzangu."

"Na kiangazi, maziwa yakikauka, mimi hula nini?"

"Mahindi yangu."

"Basi huyo Mahadi hakuniuliza na mimi," Darmi akasema, akainuka.

Kwa Waorma nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayekata fito, anayezipinda na kuzifunika kwa mikeka, na wakihama yeye ndiye anayeibomoa na kuipakia. Mwanamume anaweza kuamua ng'ombe waende wapi, lakini mahali pasipo nyumba ya mkewe hana pa kulala wala pa kuwekea ndama. Kiangazi kilipokaza, Dadacha na wenzake waliagiza wake zao wahamie karibu na kota ya juu. Darmi akajibu kwamba yeye hajengi pale. Wengine wakasema vivyo hivyo. Dadacha aligomba, akasihi, akagomba tena. Darmi alikuwa akikamua ng'ombe wake na kumwambia kwa upole kwamba akitaka kulala kwenye shamba la watu, aende akajijengee.

Ndipo Dadacha alipokuja Wenje mwenyewe, akaketi mbele ya gasa. Mahadi alikuwepo, sasa akiwa mzee wa mji.

"Njia mliyotupa hatuiwezi," Dadacha akasema. "Wake zetu wamekataa kwa sababu wake zenu hawakuulizwa. Ng'ombe wana kiu. Mimi sitaki ugomvi na mtu wa mtoni. Waiteni hao wanawake tumalize."

Wazee walimgeukia Abdulsalam. Alichora chini kwa ncha ya bakora yake. Kisha akamwambia Mahadi, "Waite. Na mwite mke wangu."

Hivyo kwa mara ya kwanza wanawake wa Wenje waliketi katika gasa, Wapokomo upande mmoja, Darmi na wenzake upande mwingine. Maneno yalikuwa mengi, na mengine makali. Tuneya aliwafasiria wale wasioelewana. Ilionekana kwamba njia nyepesi ilikuwa chini kidogo ya kivuko, palipo vichaka, ila ingekata ukingo wa shamba moja. Shamba lenyewe lilikuwa la Tuneya, mbali na lile lake la kota. Alifikiri, akauliza ng'ombe watapita saa ngapi na nani atajenga ua wa miiba, na alipojibiwa akasema ichukueni. Mahadi alikuwa mtu hodari kweli, na haki yake tumpe: alikuwa wa kwanza kushika panga kufyeka vile vichaka, na ua ule ulikuwa umesimama kabla ya ng'ombe kufika.

Baada ya hapo, likitokea jambo la mashamba, gasa iliwaita wanawake. Tuneya mara nyingi alikuwa mtoni, kwa hiyo aliyekaa kwa niaba yao alikuwa Mwanaarusi. Sauti yake ilibaki ndogo, na wazee wakajifunza kunyamaza ili waisikie.

Miaka kadhaa ikapita mpaka serikali ikataka tena watu wachague. Mzungu safari hii alikuwa mwingine, kijana, mwenye haraka ya kwenda mbele. Mahadi na Athman wakasimama tena. Wanawake walivuka asubuhi pamoja na wanaume, na mkalimani alipoanza kuwatenga kando, Abdulsalam, aliyekuwa mzee sana sasa, akamzuia kwa bakora.

"Mwambie bwana wako, katika mji huu tunahesabiwa wote."

Mkalimani akafasiri. Yule kijana akatazama jua, akainua mabega, akaashiria waendelee.

Lakini wanawake hawakusimama mstari mmoja. Mahadi, kabla ya siku hiyo, alikuwa amepita shamba kwa shamba mwenyewe, akishika jembe na kuuliza kila mmoja analotaka. Wengi walikuwa wamemkubali. Tuneya alisimama nyuma ya Athman kama mwanzo. Mwanaarusi alisimama nyuma ya Mahadi. Hesabu ilipokwisha, Mahadi alikuwa ameshinda, na walioongeza idadi yake ni wanawake.

Swaleh, aliyebebwa mpaka mchangani juu ya kitanda chake, alimcheka mkewe mpaka akakohoa. "Umehangaika miaka yote hiyo ili wakushinde?"

"Nilitaka tuhesabiwe," Tuneya akasema. "Kushinda sikumwahidi mtu."

Hata hivyo alikuwa na hasira, na hakuificha. Wiki ile walipokuwa wakifukuza ndege katika mpunga, alimwita Mwanaarusi kutoka ng'ambo ya mfereji.

"Huyu Mahadi wako, atatuletea nini ambacho Athman asingeleta?"

"Athman anasikiliza mpaka jambo linapita!" Mwanaarusi akajibu, na safari hii kwa sauti kubwa, ndege wakaruka. "Ua wa malka nani aliujenga?"

"Aliujenga kwa sababu tulimlazimisha."

"Basi tutamlazimisha tena, dada."

Tuneya akaokota donge la udongo, akalirusha kwa ndege waliokuwa wakirudi, akaanza kumpa sababu zake moja moja.