Kuchagua Bastola Mbele ya Mtani

Mtu akiniuliza ni bastola gani inayofaa kwa kulenga shabaha na kutembea nayo porini, huwa namjibu bila kufikiri: ile ndogo ya silinda inayozunguka, ya risasi ndogo ziitwazo tuu-tuu. Hapo sina mjadala. Wenzangu wa hapa Songea wenye vibali vya silaha wanapenda zile kubwa za kulinda maduka, na yangu wanaiita kiberiti cha gesi. Waiite watakavyo. Risasi yake ni nyembamba kuliko penseli, na nyundo huigonga ukingoni mwa kitako badala ya katikati. Mlio wake ni kama ubao mkavu unaovunjika.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba haikurushi mkono. Bastola kubwa ina kishindo, na kishindo ni kisingizio kizuri. Ukikosa shabaha unasema imekurusha. Hii ndogo haina pa kukufichia, na risasi ikienda kombo ujue umeipeleka wewe. Mimi ni mtu wa kulaumu vitu, mke wangu anajua, na nadhani ndiyo sababu niliihitaji.

Mwenzangu katika mambo haya ni mtani wangu. Ni Myao wa Nalasi, kule Tunduru, aliyekuja Songea ujanani kwa biashara ya korosho na tangu hapo anarudi kwao kwa ajili ya mavuno tu. Mimi ni Mngoni wa hapahapa Mshangano. Utani wa makabila yetu tuliukuta, hatukuuanzisha, lakini sisi wawili tumeutumia mpaka umechakaa. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kunisalimia kistaarabu. Salamu yake ni kuniuliza kama Wangoni bado wanatafuta walikozifukia ngao zao. Mimi namjibu kwamba siku tukizipata atakimbia hadi Nalasi bila kusubiri basi.

Siku tuliyomzika mama yangu, kaburi limeshachimbwa na padri anasubiri, mtani alishuka mle ndani, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo ambaye marehemu alimwahidi. Waombolezaji wakacheka. Nami nilicheka huku machozi yananitiririka, na kicheko kile ndicho kilichonivusha siku ile. Jogoo akaletwa. Mtani akatoka, akajifuta udongo, kisha akasimama pembeni akalia kuliko baadhi ya ndugu zangu wa damu. Tangu hapo niliamini kwamba hakuna jambo duniani ambalo mtu yule hawezi kulitania.

Tulikuwa tukilengea kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, nje kidogo ya Mshangano, tulikoruhusiwa, penye ukuta mrefu wa udongo mwekundu unaomeza risasi zote. Bastola yangu ya zamani ilikuwa imelegea silinda, haitengenezeki tena. Nikaikabidhi polisi, nikapata ruhusa ya kununua nyingine moja. Muuzaji mwenye leseni akatuletea mbili machimboni nizijaribu, zote tuu-tuu, akazilaza juu ya meza ya mbao.

Moja ilikuwa nyepesi, mtutu mfupi, kitako cha mpira, inakaa kiunoni bila kuvuta mkanda. Nyingine ilikuwa chuma kitupu, mtutu mrefu, kitako cha mti, nzito kama nyundo ya fundi mawe. Moyo wangu ulishaiendea ile nyepesi kabla sijaigusa. Nina mizinga ya nyuki msituni, na msimu wa mvua njia ile ina nyoka. Nilishajiona napita kule na bastola yangu kiunoni, mtu mzima mwenye mambo yake.

"Mzee, hiyo ndiyo ya kutembelea," muuzaji akaniambia. Akabandika shabaha ya karatasi chini ya ukuta, mbali kama kutoka altare hadi mlango wa kanisa la kigango chetu.

Nikasimama, nikanyoosha mkono. Kile kinundu cha mbele ya mtutu, ambacho mlengaji hukiweka katikati ya duara jeusi, kilikuwa kinacheza. Nikasubiri kitulie, hakikutulia. Nikafyatua hivyohivyo mpaka silinda ikaisha. Matundu yalitapakaa kwenye karatasi nzima, na mengine hayakuwemo kabisa. Nikaanza kazi yangu ya kulaumu. Nililaumu jua, nikalaumu kifyatulio kwamba ni kigumu, nikamuuliza muuzaji kama risasi zake zimelala kwenye unyevu. Halafu nikageuka kumsubiri mtani, maana kwa matokeo yale nilijua nitasemwa mpaka Krismasi.

Hakuwa anatazama karatasi. Alikuwa anautazama mkono wangu.

"Ndugu yangu," akasema, "hebu kaa kwanza."

Nikashtuka. "Kuna msiba Nalasi?"

"Hakuna msiba. Wallahi, wote wazima."

"Sasa huo undugu umetoka wapi?"

Akavuta pumzi. "Mkono wako unatetemeka. Si leo tu. Tangu mvua zilizopita. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, naona husemi."

Nilikasirika, tena sana. Nikamwambia aangalie magoti yake kwanza, yanayolia akiinuka kuswali. Nikamwambia Myao hawezi kumfundisha Mngoni kushika silaha. Niliyasema makusudi ili anijibu, turudi kwenye mambo yetu. Muuzaji akainama, akajifanya anaokota maganda ya risasi.

Mtani akaichukua ile nzito, akahakikisha silinda ni tupu, akaniwekea mkononi. "Kitu chepesi kinafuata mkono," akasema. "Kizito kinaulazimisha mkono ukifuate chenyewe. Ndoo tupu inayumba, ikijaa inatulia. Hukuona kwa mama zetu?" Akavuta kiroba cha mchanga, akakiweka mezani ili niegemeze viwiko.

Nikalenga nikiwa nimekaa, mikono yote miwili, jambo ambalo zamani nililiona la wazembe. Kinundu bado kilitembea, ila polepole, na nikaona kwamba nikiwa mvumilivu naweza kukingoja kipite katikati. Nikavuta nyundo kwa kidole gumba, nikangoja, nikafyatua, nikavuta tena. Tulipokwenda kutazama, matundu yote yangefunikwa na kisahani cha chai. Sikumshukuru. Nilimwambia muuzaji nachukua hii.

Tulipobaki wawili nikamwambia mtani lililokuwa moyoni. Mtu ambaye mkono haumtii hana haki ya kusimama na silaha karibu na watu, na mimi mwenyewe nitakuwa wa mwisho kukiri. Siku itafika hata hii nzito itacheza. Siku hiyo asinitanie. Aniite ndugu kama alivyoniita leo, nitaelewa, nitaacha bila ubishi.

"Inshallah iwe mbali," akasema.

"Apa."

Akaapa.

Jioni ile mke wangu alinimiminia chai nusu kikombe. Ndipo nikakumbuka kwamba chai yangu imekuwa nusu kikombe kwa muda mrefu. Watoto wakija likizo hunimiminia hivyohivyo, na mimi nilidhani ni habari za kupunguza sukari. Nikamwambia, "Mama, jaza." Akanitazama, akajaza. Chai ilimwagika mezani kabla kikombe hakijafika mdomoni. Akafuta meza, akauliza kama kesho tutawahi misa ya kwanza. Niliumia, lakini sikumlaumu. Nyumba nzima ilikuwa imejipanga kunisitiri. Hospitali waliniambia baadaye kwamba ugonjwa huu wa kutetemeka haurudi nyuma, dawa zinaupunguzia mwendo tu.

Bastola ile nzito nikaipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kununua kwa hiari yangu. Nilipenda ubaridi wake asubuhi, na namna silinda ilivyogeuka kwa mlio mdogo kila nilipovuta nyundo. Sikuwahi kutembea nayo msituni. Nilikuwa nayo pale mezani machimboni, kila Jumamosi, viwiko juu ya mchanga, nikijifunza kusubiri, mimi ambaye sikuwahi kusubiri hata ugali uive. Na mtani alinitukana vizuri. Nikilenga sawa alisema nimebahatisha. Nikilenga kombo alisema sasa anaelewa kwa nini mababu zangu walichagua mikuki, maana mkuki ukikosa unaweza kukimbia kuuokota. Kila tusi lilikuwa ruhusa ya kurudi Jumamosi nyingine, nami nililipokea hivyo, nikarudi nyumbani nikiimba.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, kulikuwa na asubuhi moja ambayo kinundu hakikunisubiri. Kilipita katikati ya duara na kutoka kabla kidole hakijaamua. Risasi moja ikagonga jiwe kando kabisa ya ukuta, tukasikia kokoto zinaporomoka. Nikamaliza silinda kwa ukaidi. Mtani akaenda kubandua karatasi, akasimama kule muda, amenipa mgongo.

Aliporudi alikuwa ameikunja na kuitia mfukoni.

"Mngoni," akasema kwa sauti kubwa, "leo karatasi imekuogopa, imekimbia yenyewe."

Nikanyoosha mkono. "Nipe niione."

"Ya nini? Nataka ya kuwashia jiko."

"Nipe, mtani."

Akanipa. Haikuwa na tundu hata moja, safi kama ilivyotoka dukani. Nikamtazama, nikingoja lile neno moja aliloapa kulisema. Yeye akaendelea kutania, harakaharaka, utani juu ya utani, ngao, mikuki, babu zangu wote, huku macho yake yako kwenye ukuta mwekundu. Na utani wenyewe ulikuwa mzuri, mwingine sikuwahi kuusikia. Nikaelewa kwamba hataweza. Alikuwa ameweza kulala kaburini mwa mama yangu, lakini hili lilimshinda, na nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe.

Nikafungua silinda, nikayasukuma maganda nje, nikatazama kila tundu kuhakikisha ni tupu. Nikailaza bastola kwenye sanduku lake, nikafunga.

"Ndugu yangu," nikamwita.

Akanyamaza katikati ya neno. Katika umri wetu wote sikuwahi kumwita hivyo. Akaja taratibu, akaketi kando yangu, akaushika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili, nao ukaendelea kutetemeka humo ndani.