Anikeni Nusu, Nusu Kaangeni

Siku yangu ya kwanza kazini sikuingia ofisini. Mkuu wa Kituo cha hali ya hewa alinipokea getini, akaitikia shikamoo yangu, kisha akanisimamisha katikati ya nyasi, karibu na kile kibanda cheupe cha mbao ambamo vipima joto hukaa kivulini. Akasema, "Binti, tazama juu." Akaenda zake kunywa chai.

Nilitazama juu saa nzima. Shingo iliuma, lakini jamani, raha niliyoisikia! Mimi ni mtoto wa Kayenze, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Nimekua nikilala chali kwenye mchanga, naangalia mawingu yakitoka upande wa kisiwa cha Ukerewe, na mama akinigombeza: "Dagaa wanaliwa na kunguru, wewe unaota!" Leo nalipwa mshahara kwa kosa lilelile.

Mkuu wa Kituo aliporudi aliuliza, "Umeona nini?"

"Mawingu, mzee."

"Mawingu kila mtu anayaona. Kiasi gani?"

Ndipo akanifundisha kuigawa mbingu sehemu nane. Unajiuliza: mawingu haya ningeyasukuma yote upande mmoja, yangejaza sehemu ngapi? Zikiwa tano, unaandika tano. Vyombo tulikuwa navyo, kipima mvua ambacho ni mkebe wenye chupa ndani, na kipima kanieneo kinachoonyesha uzito wa hewa iliyotukalia vichwani. Ila mbingu yenyewe tuliipima kwa macho. Nilifanya hivyo miaka mingi, kwanza Mwanza, halafu Bukoba, ambako mvua haina adabu, inaingia bila hodi. Asubuhi nyingine nilisimama pale na daftari langu, ziwa na mbingu vikiwa rangi moja, nikasahau kabisa nimekuja kuandika nini.

Lakini mwenzenu nilikuwa naota redio. Mama alikuwa na redio ndogo ya betri aliyoifunga kwa kamba kwenye chanja yake ya kuanikia dagaa. Tangu nikiwa msichana nilitaka sauti yangu itoke mle ndani, imwambie mama leo aanike au asianike. Dagaa wabichi hawasubiri mtu. Wakipata jua la siku moja wanakuwa biashara; wakilowa wanaoza, hata kuku unawaonea huruma kuwapa.

Niliporudishwa Mwanza, redio moja ya mjini iliomba mtu wa kusoma hali ya hewa, nikapelekwa mimi. Mama aliwatangazia wanawake wote wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa. Bosi wangu mpya, Mhariri, alikuwa mrefu, mkali, na shati lake halikuwahi kukunjamana. Aliniambia, "Wewe siyo mtabiri, wewe ni msomaji. Kilichoandikwa ndicho unachosoma. Ukifika kwenye nukta, pumua."

Mwezi wangu wa pili pale redioni, nikiwa natembea kwenda kazini kupitia Mkuyuni, nililiona wingu. Lilikuwa mbali juu ya maji, chini jeusi, juu limeumuka kama andazi. Wingu la radi, hata mtoto wa Kayenze aliyelala angelijua. Nikafika ofisini, nikakuta taarifa iliyoandaliwa alfajiri inasema jua siku nzima.

"Mzee, kuna wingu," nikamwambia Mhariri.

"Limeandikwa?"

"Hapana, mzee."

"Basi halipo."

Nikaingia studio, chumba kisicho na dirisha, nikasoma: jua siku nzima. Niliogopa kufukuzwa kazi, nasema ukweli wangu. Saa tano mvua ikapiga mwalo mzima wa Kayenze.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Nilimkuta mama anafukia dagaa waliooza. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliuliza tu, "Lile wingu uliliona?"

"Nililiona, mama."

"Ukasema jua."

Akaendelea kuchimba. Jirani yake, Mama Tabu, aliniambia baadaye kwamba tangu siku ile, ikifika zamu yangu, mama anazima redio. Niliumia, niliumia sana. Watu wote wa kandokando ya ziwa walikuwa wananisikia, kasoro yule ambaye kwa ajili yake niliitafuta kazi ile.

Jumatatu nilisimama mbele ya Mhariri. Nilimwomba kila asubuhi, kabla ya kusoma, nitoke nje nitazame, halafu nimpigie simu mtabiri wa zamu pale kituoni. Akikubaliana nami, yeye mwenyewe airekebishe taarifa.

"Huo ni utabiri au umbea?" akauliza.

"Ni macho, mzee."

Alinung'unika wiki nzima, kisha akaniruhusu. Ikabaki lugha. Taarifa ilisema "uwezekano wa mvua katika baadhi ya maeneo." Mama mwenye beseni la dagaa mkononi afanye nini na maneno hayo? Siku moja mtabiri wa zamu aliponiambia mvua inaweza kuja, inaweza isije, nikafungua mdomo hewani: "Akina mama wa dagaa, leo anikeni nusu, nusu kaangeni." Kukaanga kunataka kuni na mafuta, na moshi unakutoa machozi, ila dagaa wa kukaanga hawaogopi mvua.

Mhariri alinisubiri mlangoni. "Nusu! Utabiri gani huo wa nusu?"

"Wa kweli, mzee."

Wanawake wa sokoni wakaanza kuniita Mama Nusu. Nikitembea mitaani naitwa, nacheka, naitikia. Mama yangu hakuniita hivyo hata siku moja. Nikienda nyumbani tulizungumza habari za wajukuu, za magoti yake, za bei ya mafuta. Mbingu hatukuigusa.

Sasa nimestaafu. Nyie vijana mnaopenda kazi hii mna picha za mawingu kwenye simu, na mnasoma vizuri kuliko nilivyosoma mimi. Zitumieni. Lakini kabla hujafungua kipaza sauti, toka nje kwanza, na ulichokiona usikimeze.

Asubuhi ya kwanza ya kustaafu niliamkia kwa mama. Amezeeka, ila beseni moja la dagaa bado halimshindi. Redio pale kwenye chanja ilikuwa inaongea. Kijana niliyemwachia kiti alisoma jua siku nzima.

Mama akanigeukia. "Wewe unasemaje?"

"Mama, si amesema jua?"

"Yeye sijamuuliza."

Nilitazama upande wa Ukerewe. Sehemu tatu, labda nne, na wingu moja limeanza kuumuka. "Anika nusu, mama. Nusu tukaange."

Tulikaanga mpaka mchana, moshi unatutoa machozi, mengine yakiwa yangu mwenyewe. Mvua haikuja. Jua liliwaka mpaka likazama, na ile nusu ya kwenye chanja ikakauka vizuri sana.

Jioni mama alitafuna dagaa wa kukaanga, akaangalia mbingu safi, akaniangalia mimi.

"Mvua iko wapi?"

"Haikuja, mama. Nimekosea."

"Haya," akasema, akachukua dagaa mwingine. "Na kesho unasemaje?"