Tofali la Bi Lavonne

Basi lilikuwa halijasimama sawasawa mjini Tarnhill, Iowa, msichana wa kiti cha mbele alipogeuka na kuniomba, kwa adabu kubwa, nivue skafu. Ilikuwa nyekundu. Nimefundisha katika majimbo manne ya nchi hii na nimeombwa mengi, lakini si skafu. Alinieleza kwamba Jumamosi chuo chao, Halvorsen, kingecheza na Wexley ule mpira wao wa kukumbatia, na nyekundu ni rangi ya Wexley. Wiki hiyo hata sosi ya nyanya ilikuwa imeondolewa bwaloni. Watu wazima wenye shahada walikula chipsi kavu kwa ajili ya heshima.

Heshima yenyewe ilisimama katikati ya chuo: nguruwe wa shaba, mkubwa kama gari dogo, jina lake Otto. Kabla ya mtihani wanafunzi humpapasa pua. Kabla ya mechi humbusu. Na wiki ya Wexley humfunga nailoni kuanzia masikio hadi kwato, adui asije akampaka rangi, kisha humlinda kwa zamu wakiwa na mablanketi na filimbi.

Aliyemsafisha alikuwa Lavonne Kubicek, mjane wa miaka sitini na mitatu, mtunza bustani wa chuo. Nilipanga chumba nyumbani kwake, ndivyo nilivyomjua. Kila Jumatatu asubuhi alimsugua Otto kwa nta na kitambaa: mgongoni mavi ya njiwa, chini ya mkia viota vya nyigu, puani mate ya wapenzi wake. Wazazi waliotembezwa chuoni waliambiwa pua ile inang'aa kwa upendo wa vizazi. Iling'aa kwa Lavonne.

Alitaka kitu kimoja tu. Kumzunguka Otto, ardhi imetandikwa matofali yenye majina ya wafadhili, na mfanyakazi akitimiza miaka thelathini hupewa lake bure. Yeye alikuwa anatimiza Ijumaa ile, na kustaafu. Mahali alikwisha kupachagua: kwenye kwato ya nyuma, kushoto, alipozoea kupiga magoti. Aliniambia, huku akimenya viazi, kwamba marehemu mumewe ana kaburi zuri lakini hakuna anayelipita. Yeye alitaka kukanyagwa.

Jumatano baridi ilikaza. Koti lake la kazi lilikuwa bado bichi kwa mvua ya jana, akatoka na jekundu alilotumiwa na mjukuu wake Kaylin, anayesomea uuguzi hukohuko Wexley. Nailoni ikikaa siku nyingi huitia shaba madoa, kwa hiyo alipofika alianza kuilegeza ili apanguse unyevu.

Filimbi zikalia. Wanafunzi sita wakamzingira, wakamnyang'anya ndoo, wakaichungulia nta na kusema ni rangi. Kiongozi wao, kijana aitwaye Bryce, akampiga picha. Miaka yote wanafunzi walimpita bila kumwona. Siku walipomwona, walimwona adui. Kufika mchana picha ilikuwa kwenye kila simu.

Ijumaa alasiri Trent Ostergaard, Mkurugenzi wa Ari ya Chuo (cheo kamili, chenye ofisi na katibu), alimwita kwenye hema la mkutano wa hamasa. Tulikwenda pamoja, yeye akiwa na koti lilelile jekundu. Trent alisema ukweli anaujua, vijana walikosea, ila watu wameshaumia. Dawa ilikuwa rahisi: apande jukwaani, avue koti, ambusu Otto pua, watu wacheke, apewe tofali lake. Lilikuwa pale mezani, limekwisha kuchongwa.

Lavonne alilishika, akapitisha kidole kwenye herufi za jina lake.

"Koti ni la mjukuu wangu," akasema.

"Tunajua, Bi Lavonne. Ni dakika moja tu. Mzaha wa kifamilia."

"Trent, mwanangu, nimemsugua huyu nguruwe matako miaka thelathini. Nikimbusu leo atajua kuna jambo."

"Basi tofali itabidi lisubiri."

"Lisubiri nini? Nife?"

Akalirudisha mezani, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Nje alimkuta Bryce akiwa zamu, akampa kopo la nta.

"Anzia chini ya mkia, nyigu hujenga huko. Puani usiharakishe, ndiko wanakotazama."

Bryce alilipokea kwa mikono miwili, akasema ndiyo mama, masikio yamemwiva.

Lavonne akafunga vifungo vya koti hadi kidevuni, akakatiza katikati ya watu elfu mbili waliovaa kijani, rangi ya Halvorsen. Walimzomea mpaka kwenye gari lake la mizigo. Hakuongeza mwendo. Alipoondoka, alipiga honi mara moja.

Mimi nilibaki. Upepo ulikuwa umeanza kuinua pindo la hema, na Trent akatafuta kitu kizito. Akaliona tofali. Alilikandamiza juu ya pindo, jina likitazama chini, kisha akanionyesha mwisho wa foleni ya kumbusu nguruwe.