Shangazi Bado na Ukuta wa Jiko

Mimi ni mchora vibao, na naomba nisichekwe kabla sijamaliza. Nimechora vichwa vya vinyozi, ng'ombe wa mabucha, na jino moja la daktari wa meno ambalo watoto wanaliogopa hadi leo. Nina kasoro moja tu: kila mtu ninayemchora anatokea kama ametoka kunyolewa sasa hivi. Hata mama mkwe wangu. Basi mwenyekiti wa mtaa aliponiita nichore ukuta mzima wa jiko letu la pamoja, kichwa kilinivimba, sikuuliza hata swali.

Jiko lenyewe lipo katikati ya ua. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunapika sufuria moja kubwa ya mchuzi, nyumba zote, na hapo ndipo vita inapoanza. Fundi cherehani anafuata mapishi ya mama yake, muuza mkaa anafuata ya bibi yake, na mke wangu anafuata yake mwenyewe. Hakuna anayekubali mwenzake aonje, kwa sababu kila anayeonja lazima aongeze kitu. Ndiyo maana kijiko cha kuonjea akapewa Shangazi Bado.

Huyu mama alihamia hapa miaka ishirini na sita iliyopita, akimfuata mumewe fundi bomba. Hakuwa na dada hapa, wala binamu, wala wifi wa kumpendelea, na kwa hilo akaaminiwa. Mume alifariki, yeye akabaki, na kijiko kikabaki naye. Akishaonja hutoa neno moja kati ya mawili. Akisema "Bado," kila mtu anarudi kwenye kazi yake kimya. Akisema "Pakua," sahani zinatoka. Hajawahi kueleza sababu wala hajawahi kukosea, na mimi nimejaribu sana kumkamata.

Mwenyekiti alitaka ukuta wa asili yetu. Akanipa orodha: wazaliwa wa hapa tu, watu saba. Wa kwanza yeye mwenyewe, akae katikati ya fundi cherehani na muuza mkaa, amekunja mikono, mtu ambaye hajawahi kumenya kitunguu. Shangazi hakuwemo. Niliona, nikajitia hamnazo.

Siku ya kwanza ya kuchora, Shangazi akatoka na gauni lake la kuendea harusini, nywele kasuka, akaweka kigoda mbele ya ukuta. Eti anapunga upepo. Upepo gani, na ukuta umeuziba? Alikaa kainua kidevu, hatikisiki, mpaka jioni. Kesho yake tena. Siku tisa hizo, na kila siku saa nne ananiletea chai. Nami nikainywa, jamani, na sukari yake nikairamba, huku nachora masharubu ya mwenyekiti. Siku ya tisa nilipoosha brashi, alizitazama zile sura saba moja moja, akarudia, kisha akabeba kigoda chake akaingia ndani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jumamosi ya kuzindua ukuta, akatuma salamu kwamba ana mafua, hasikii ladha. Chumba chake kinapakana na changu; sikusikia chafya hata moja.

Sasa sikia. Fundi cherehani akaonja, akaongeza ndimu. Muuza mkaa akaona ndimu imezidi, akatia chumvi kuizima. Mke wangu akatia sukari ili awapatanishe. Wakaongeza maji, maji yakataka viazi, viazi vikataka chumvi, mwishowe tukaazima sufuria ya pili. Mwenyekiti akaletewa bakuli la kwanza mbele ya wageni. Akatia kijiko mdomoni, na hotuba ikaishia hapo. Machozi yakamtoka. Alipoweza kusema tena, akauliza siku zote huwa anaonja nani. Watu wakautazama mlango wa Shangazi. Akageuka mwenyewe akautazama ukuta: sura saba zimenyolewa vizuri, na hakuna hata moja yenye kijiko.

"Nifute mimi," akaniambia. "Muweke yule mama."

Nikaenda kugonga. Alifungua amevaa gauni la nyumbani, pua kavu kabisa.

"Shangazi, mchuzi umetushinda."

"Waiteni wazaliwa."

"Nimekukosea. Orodha niliiona tangu mwanzo, na chai yako nikainywa."

"Siku tisa," akasema.

"Siku tisa, Shangazi."

Akaegemea mlango. "Huko nilikozaliwa hakuna tena anayenijua. Watu wakiniuliza kwetu ni wapi, nataja hapa. Nilikuwa nasema uongo?"

Nilirudi mbio, nikafungua makopo, nikamvalisha mwenyekiti gauni la kuendea harusini. Mikono nikaikunjua, mmoja nikaupa kijiko. Wageni wanasubiri, njaa inauma, jasho linanitiririka. Masharubu yakakataa kufa. Nikiyafunika kwa rangi yanachungulia tena.

Nilikuwa bado nahangaika nayo Shangazi aliposimama nyuma yangu, naye sasa kavaa lile gauni la harusini. Akainamisha kichwa upande, kama anavyofanya kwenye sufuria.

"Bado," akasema.

Akanyoosha kidole chini ya pua ya picha. Nikapaka tena, mara ya nne, mpaka mdomo ukawa wa mwanamke, japo nywele, nakiri, zilikuwa za kinyozi. Akasogea karibu. Akaitazama sura yake, akamtazama fundi cherehani pembeni yake ukutani, na muuza mkaa upande wa pili. Kidevu kikamcheza.

"Pakua," akasema.

Sufuria hakuwa ameionja. Tukapakua, tukaula mchuzi ule wote mpaka ukaisha, na maji ya kunywa yakaisha nyumba zote.