Cheti cha Kemunto

Mwanangu, barua ya kuitwa benki kwa mahojiano umenisomea, nami nimefurahi. Lakini imenikumbusha siku moja ya usichana wangu, miaka michache baada ya Uhuru, ambayo hadi leo sijaisahau.

Ilikuwa benki kubwa ya ng'ambo, yenye tawi mjini Kisii. Wafanyakazi wake walivaa viatu vya kung'aa, na wakiugua benki iliwatibu. Huku Kebirigo nani asingeitamani? Ila walitaka aliyefaulu hesabu, nami nilikuwa nimeanguka. Basi nikaenda Magwagwa kumwona mtoto mchanga wa Kemunto, binti wa mamangu mdogo, aliyefaulu hesabu, na alipotoka kuchota maji nikachukua cheti chake cha mtihani sandukuni. Nikaomba kazi kwa jina lake. Tamaa ni mbaya, mwanangu.

Siku ya mahojiano nilikaa kwenye benchi nikingoja kuitwa.

"Kemunto!" aliita karani mkuu, Mgusii mwenzetu mwenye mvi.

Sikuinuka. Akaita tena, ndipo nikakumbuka kwamba ndiye mimi.

Ndani, mbele ya meneja Mzungu, karani alinipa karatasi. "Tia sahihi. Humu sahihi yako ndiyo wewe, hapa na hata ng'ambo."

Niliandika upesi. Kutazama, nimeandika Moraa, jina langu mwenyewe!

Karani akaikunja karatasi kabla meneja hajaisoma, akanitoa nje. Akilini niliona pingu, nikamwona baba akiitwa kwa chifu.

"Binti," alisema polepole, "leo umeogopa saa moja. Ungepata kazi hii, ungeogopa mpaka uzeeni. Cheti kinabaki hapa. Nenda ukamwambie mwenyewe aje."

Njiani kwenda Magwagwa pingu nilizisahau; sasa niliogopa macho ya Kemunto. Alinisikiliza akinyonyesha. Kesho yake alimfunga mtoto mgongoni, akaenda benki. Karani akamwuliza kama kazi anaitaka. Aliitaka, na alifanya humo hadi kustaafu. Mimi hakunisalimu mwaka mzima.

Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri matako. Usiiogope benki kwa ukubwa wake; ogopa kuingia humo na uongo. Wakikuuliza usilolijua, sema hulijui. Wakikukataa, rudi, chai ya kuchuma haijaisha.

Nenda, Mungu akutangulie, akupe kibali machoni pao, akurudishe kwetu na amani moyoni.