Jiko Lenye Kazi Kila Siku

Nilikuwa Kicukiro kwa fundi wangu wa nguo, nikisubiri suruali, walipoingia wakaguzi wawili, kijana na mama wa makamo. Walikagua majiko ya kuokoa kuni yaliyogawiwa mtaani. Jiko lisilotumika, walieleza, huhamishiwa nyumba nyingine.

Kijana alimuuliza mke wa fundi papo hapo mlangoni, "Mama, jiko iko?"

"Iko."

"Inafanya kazi?"

"Kila siku, bwana."

Akatia alama mbili kwenye fomu. Kwa saa yangu, nusu dakika.

Mwenzake aliomba kuliona. Nikawafuata hadi uani. Sufuria ilikuwa ikitokota juu ya mafiga matatu, na ndani ya jiko kuku ameatamia mayai.

Mke wa fundi alisimama mbele ya kuku wake. "Sikudanganya, dada. Siku ya kumi leo, na hajatoka."

Mkaguzi hakucheka. "Mbona haupikii ndani?"

"Sufuria haiingii. Tuko watu tisa. Niliambia ule aliyeleta, akasema kwa karatasi yake hakuna nafasi ya sufuria."

Mkaguzi yule aliazima utepe wa fundi, akapima sufuria, kisha mdomo wa jiko, akaandika tofauti pembezoni mwa fomu.

"Sasa munachukua?"

"Tutaleta kubwa. Hii tutachukua kisha siku kumi na moja, vifaranga vikitoka."

Kijana simlaumu. Alipata majibu mawili, yote ya kweli, akayajumlisha kwa uangalifu, yakampa uongo.